Matobolwa

Umeme ulirudi saa kumi na moja na robo alfajiri.
Majokofu ya Isevya yakaguna kwa pamoja,
na chini ya meza yangu seva ya ushirika ikazinduka
kama mtu aliyesahau jina lake.

Violezo mia tatu na kumi na viwili.
Nilivikompaili vyote mwezi wa sita, kwa majivuno,
nikamwambia Msabila mhasibu:
zamani mashine ilisoma kila ukurasa herufi kwa herufi,
akija mwingine kuuliza, inaanza upya,
hapa pengo la jina, hapa pengo la kilo,
hapa zunguka mpaka mizinga iishe.
Sasa kiolezo kimegeuka msimbo. Hakisomwi, kinatenda.
Akauliza, "Na bei yake?"
Nilidhani anauliza ya asali.

Bei ndiyo hii, asubuhi ya kuuza:
kila kiolezo kinadai kukompailiwa kabla ya kusema neno,
kumbukumbu ndogo inafura, feni inalia,
na simu ya kwanza inatoka Sikonge.
Nyanzala, madumu kumi na manne, mnunuzi kasimama mbele yake.
"Dada, ukurasa wa bei umekufa?"
"Haujafa. Unazaliwa."
"Unazaliwa na huyu keshawasha gari?"

Sekunde arobaini na moja.
Nilizihesabu nikiwa nimeshika kikombe kisicho na chai.

Mama yangu, kule Goweko, aliijua hesabu hii.
Kiazi kibichi hakidai ghala,
kinadai kuni kila jioni.
Michembe umeshaimenya, umeikata, umeianika mwambani,
lakini bado inadai chungu.
Matobolwa yamechemshwa kabla ya kuonana na jua:
mgeni akibisha unamtilia kiganjani,
anatafuna angali mlangoni.
Ila siku ya kuyachemsha hupiki kingine,
moshi machoni, watoto wanalala na uji,
na kihenge kikijaa kimejaa.

Mimi nilichemsha shamba zima.

Halafu nikapima. Nilipaswa kupima mwezi wa sita.
Kusoma kiolezo kibichi: sehemu tisa katika elfu ya sekunde.
Kilichokompailiwa: mbili.
Nimeokoa saba.
Hifadhidata, ikitafuta mizinga ya mwanachama mmoja, inakula mia nne.
Kutoka hapa mpaka Sikonge, kwa mnara mmoja wa simu,
elfu moja na ushee; mvua ikinyesha, usiulize.
Nilikuwa nanoa ncha ya sindano ya kushonea magunia.

Na kosa likitokea, siku hizi,
mashine inalalamikia mstari wa elfu moja mia nane na tatu
katika msimbo usioandikwa na mkono wa mtu.
Kiolezo chenyewe kina mistari ishirini.
Shija, kijana wa mafunzo, alibadili neno "lita" kuwa "kilo"
akakesha akitazama "lita".

Basi nimegawa.
Ukurasa wa bei na ukurasa wa mizani
vikompailiwe usiku, mlango ukiwa umefungwa,
viandikwe kwenye diski, umeme ukatike utakavyo.
Taarifa za mwezi ziwe michembe:
zimekatwa, zimeanikwa, zitasubiri chungu.
Na fomu ya kujitoa uanachama,
inayofunguliwa mara mbili kwa mwaka na mtu mwenye hasira,
ibaki kiazi, udongoni.
Akiitaka, atangoja. Huenda akaghairi.

Msabila amesoma ripoti yangu akanyanyua miwani.
"Saba katika elfu," alisema, polepole,
kama anayehesabu chenji ya mtu mwingine.

Jioni Nyanzala alipiga tena.
Aliuza bila kuiona bei,
shilingi mia nane pungufu kwa kila kilo.
Hakulaumu. Aliuliza tu kama kesho utafunguka.

Hiyo mia nane haimo kwenye vipimo vyangu.
Nimeiandika pembeni, kwa kalamu.